Dakika Nilizozificha

Baba Saleha,

Chai iko kwenye chupa. Kuku hawajafunguliwa. Nimerudi kuchukua khanga tu.

Kifafa kilimshika Saleha alfajiri, kikagoma kumwachia. Mama yako akasema ni degedege, akamfunika kaniki, akakataza hospitali, eti sindano ingemuua. Nikamtii. Hadi namfikisha kwa daktari zilishapita dakika arobaini. Nilipoulizwa kimemshika kwa muda gani, kwa aibu nikasema tano. Wanamtibu kwa hizo tano zangu, na hajaamka bado.

~~Ukifika, mwambie daktari wewe.~~ Nitamwambia mwenyewe, sasa hivi.

Mpelekee Mama chai chumbani, hajala kitu. Usimgombeze. Mlango ulikuwa wazi, na miguu ninayo.

Mama Saleha