Bei ya Bunduki Iliyopindwa

Jumamosi, Machi 1973
Kasingirima, Ujiji

Rasharasha tangu alfajiri, na ziwa leo lina rangi ya jivu. Mgongo unaniuma kwa kurushwarushwa ndani ya lori, viatu vimejaa udongo mwekundu wa milimani, na nina furaha kama bwana harusi.

Nina furaha na sina wa kumsimulia.

Mke wangu amenisikiliza nikijisifu tangu tulipooana, masikio yake yamechoka. Na barazani kwenye kahawa, ambako sifa zangu huwa hazina kipimo, hili la leo haliwezi kusemwa. Kwa hiyo nimekuja kwako, shajara, wewe usiyeguna wala kukohoa katikati ya maneno ya mtu.

Mimi ni fundi seremala. Natengeneza boti za wavuvi wa Katonga, vitanda, milango, na mara chache, kwa mwenye leseni mkononi, vitako vya bunduki. Kitako kimoja kati ya hivyo ndicho kazi bora kuliko zote zilizopita mikononi mwangu. Nasema hivyo bila haya. Ni kile cha bunduki ya Mzee Ruhaga.

Ruhaga alikuwa mwindaji wa huko juu milimani, Muha mrefu kama mchikichi. Miaka ya mwanzo ya Uhuru alishuka Ujiji na gunia begani. Ndani yake mlikuwa na mtutu na bolti, kile chuma cha kusukumia risasi, vya bunduki aliyouziwa na mzungu mmoja mpima ardhi aliyekuwa anafunga virago. Kitako kilikuwa kimevunjika vipande. Akataka nimtengenezee kingine, lakini cha kupimwa, si cha kubahatisha. Watu huvaa suruali za kushonewa. Yeye alitaka bunduki ya kushonewa.

Barazani nimekuwa nikisimulia miaka yote hii kwamba nilimpima Ruhaga kama fundi cherehani anavyompima mteja. Hapo huwa natia chumvi kidogo. Vipimo alikuja navyo mwenyewe, kwenye kamba ya mgomba iliyofungwa vifundo. Kifundo hiki ni kutoka kiwiko hadi kidole cha kufyatulia, hiki ni kutoka shavuni hadi jichoni. Akasema, "Mwenye bunduki ni wa shoto." Nikamwambia kamba hii ni fupi, wewe una mikono mirefu. Akacheka, akasema, "Fundi, fuata kamba."

Nikafuata kamba. Nilichukua ubao wa mninga uliokaa juu ya moshi wa jikoni misimu miwili. Kitako nikakipinda kidogo kwenda kushoto, kama mtumiaji wa shoto anavyotaka, na upande wa kulia nikaacha tuta laini la kulazia shavu. Nikakisugua kwa nta ya nyuki na mawese kidogo mpaka kikang'aa. Ruhaga alipokuja kukichukua alikipapasa muda mrefu sana, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Sikumwona akikiweka begani hata mara moja. Wakati ule sikulifikiria hilo.

Tangu hapo jina lake likakua. Nguruwe pori na nyani waliyahama mashamba ya upande wao. Kila aliyeshuka kutoka kule alileta habari za shabaha ya Ruhaga, na kila habari ya Ruhaga nilijikatia kipande changu.

Kiangazi kilichopita akafariki, Mungu amrehemu. Bunduki ikachukuliwa na polisi, maana leseni ilikuwa ya marehemu na marehemu hawindi. Nguruwe nao wakapata habari. Wakarudi, wakaingia shamba la muhogo la kijiji, shamba la pamoja, wakalima kuliko wanakijiji. Mimi nguruwe simgusi, lakini muhogo nala, kwa hiyo liliniuma.

Kijiji kikapewa kibali cha kuwa na bunduki ya kulinda shamba, na mjane wa Ruhaga, Mama Bukuru, akasema yupo tayari kuwauzia ile ya mumewe. Kilichokosekana ni bei. Ndipo pande zote mbili zikakubaliana kuniita mimi niitathmini, na leo asubuhi lori la kijiji likanichukua.

Niliwakuta wamekaa kwenye mabenchi ya darasa, nje, chini ya paa la bati. Mwenyekiti wa kijiji, Mama Bukuru katika khanga yake nyeusi, kijana wa mgambo aliyechaguliwa awe mlinzi wa shamba, na askari mmoja aliyekuja na bunduki. Askari alisema wazi kwamba isipouzwa leo inarudi stoo, na sote tunajua stoo kutu haina likizo.

"Mwakeye, Fundi," Mama Bukuru akanisalimu kwa Kiha, akanipa mkono wa kulia, akatazama chini.

Nikaipokea bunduki. Nilihisi kama nimekutana na mwanangu aliyekwenda shule ya mbali akarudi na adabu zake zote. Haina ufa. Mninga umeiva, umekuwa mwekundu wa kutulia, na pale pa kulazia shavu pameng'arishwa na ngozi ya mtu kuliko nta yangu ilivyoweza. Macho yalinilenga machozi, nikasingizia moshi.

"Ndugu Fundi," akasema Mwenyekiti, "tatizo ni moja. Imepinda."

"Mwenyekiti, haikupinda. Imepindwa."

Walicheka, lakini sikuwa natania. Kilichopinda kimeharibika. Kilichopindwa kuna mtu kaumia mgongo kukipinda.

Nikawaeleza habari ya shoto. Mwenyekiti akasema hayo ni mazuri, ila mlinzi wao anatumia mkono wa kulia kama watu. Kijana akapewa risasi ajaribu. Kibuyu kikawekwa juu ya kichuguu. Akapiga. Kibuyu kilitulia tuli, risasi ikaenda kuusalimu muhogo, na kijana akashika shavu kama mwenye jino bovu, maana kitako kilichopindwa kushoto kilikuwa kimemgonga mfupa.

"Umeona?" Mwenyekiti akaniambia, kwa upole hasa. "Chema chajiuza, Ndugu Fundi. Hiki kinajitembeza." Akatoa neno lake: ama wainunue kwa bei ya chuma, yaani ya mtutu peke yake, na kitako nisikihesabu. Ama nichukue randa, nilifute lile tuta la shavu, nikinyooshe kitako kimfae kila mtu, halafu walipe bei ya bunduki kamili.

Kila mtu akanitazama mimi.

Nilikwenda kukaa juu ya gogo peke yangu, bunduki magotini. Nimetathmini vitu vingi katika maisha yangu, lakini sijapata kitu kigumu namna hii. Mtutu una bei. Bolti ina bei. Mninga una bei, na hata jasho langu, nikibanwa, nitalitafutia bei. Lakini kitu kilichoshonwa kwa ajili ya mtu mmoja, mtu huyo akishaondoka, kinabaki na thamani gani? Kanzu ya marehemu anapewa ndugu, na ikiwa ndefu anaikunja. Bunduki haikunjwi.

Na Mama Bukuru alikuwa amekaa pale, anahitaji kile atakachopata. Nikikataa kuranda kwa sababu ya sifa zangu, yeye ndiye atakayelala na sifa hizo badala ya chakula. Nikiranda, basi kitu pekee nilichokitengeneza kwa ukamilifu kitakuwa maranda ya kuwashia moto.

Nikatoa randa kikapuni.

Lo, mkono ulikuwa mzito. Nikamwita Mama Bukuru, kwa kweli kwa kutafuta muda tu. Nikamwomba anionyeshe Mzee alivyokuwa anaishika, nijue nianze kupunguza upande gani.

Akaipokea. Na hapo ndipo siku yangu ilipogeuka.

Mikono yake ilibadilishana yenyewe, wa kulia ukaenda mbele, wa kushoto ukaenda nyuma kwenye kifyatulio. Kitako kikaingia begani kama mtoto anavyoingia mgongoni kwa mama yake. Shavu likalala pale palipong'aa. Jicho halikutafuta chochote, lilikuwa tayari kwenye mstari wa shabaha. Kiwiko, kidole, bega, vyote viliangukia pale vifundo vilipokuwa vimefungwa miaka ile yote, na mimi mwenye kazi nikasimama na randa mkononi nimepigwa na butwaa.

Ile kamba haikuwa fupi hata kidogo.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwita kila seremala wa Ujiji na Kigoma waje waone. Nimekaa miaka nikijivunia bunduki iliyomfaa Ruhaga, kumbe nilikuwa najivunia nusu tu. Yeye naye akaniona nilivyomwona, akaishusha haraka, akavuta khanga mpaka kidevuni.

Sikusema neno. Kwa mtu kama mimi, hiyo peke yake ni habari ya kuandikwa.

Nilimgeukia Mwenyekiti, nikamwambia kabla sijaharibu mbao naomba risasi moja, Mama Bukuru naye ajaribu. "Mwanamke?" akasema. Nikamwambia nguruwe hawaulizi. Askari akacheka, akaitoa risasi, nadhani kwa kutaka kuona kioja.

Mama Bukuru alisita. Akatazama upande wa mashamba, halafu akaitazama bunduki yenyewe. Kisha akainyanyua, akapiga, na kile kibuyu hatukukiona tena.

Askari aliacha kucheka. Hata kijana wa mgambo aliacha kushika shavu.

"Nani alikufundisha, Mama?" Mwenyekiti akauliza.

"Marehemu," akajibu. "Marehemu alinifundisha."

Basi hapo nikasimama, nikatoa tathmini yangu kwa sauti ambayo baba yangu angeniambia niipunguze. Nikasema bunduki hii bei yake ni ya bunduki mpya ya dukani, bila kupungua senti, kitako kihesabiwe, na tuta la shavu lihesabiwe. Nikasema ya dukani mtaipata, lakini itabidi mtafute mtu wa kuizoea. Hii imekuja na mtu wake. Kijiji kinunue bunduki, na kimweke Mama Bukuru kuwa mlinzi wa shamba, ahesabiwe kazi yake kama wanavyohesabiwa wengine.

Mwenyekiti alijikuna kichwa, akavizunguka vipande vya kibuyu vilivyotapakaa kichuguuni, akarudi. Nampenda mtu anayeweza kubadili neno lake mbele za watu. "Kweli," akasema, "chema kimejiuza." Wakakubaliana pale pale. Askari ataisimamia habari ya kibali ili jina la Mama Bukuru liandikwe kama mtumiaji. Randa yangu nikairudisha kikapuni ikiwa haijaonja kitu.

Mama Bukuru alinisindikiza hadi kwenye lori. Tulipokuwa mbali na wenzetu akasema, bila kunitazama, "Fundi, vile vifundo nilifunga mwenyewe."

Nikamwambia nimeshajua.

Akanieleza kwa maneno machache. Macho ya mzee yalikuwa hayafiki mbali. Yeye mwenyewe alikuwa na shabaha tangu utoto, kwa kuwatupia nyani mawe, kwa huo mkono wa kushoto waliompigia sana ili auache. Mumewe ndiye aliyegundua. "Akaniambia, piga wewe, sifa nibebe mimi, maana wewe zitakuletea maneno." Akakaza khanga yake. "Alizibeba vizuri, Fundi. Acha aendelee kuzibeba."

Nimelifikiria hilo njia nzima. Mtu mrefu yule, mwindaji wa kutajwa, ameshuka mlima mzima na kamba ya mgomba mfukoni ili mkewe apimwe bunduki bila mtu kujua kapimwa. Wapo wanaume wanaowashonea wake zao gauni la Idi na mji mzima ukaambiwa. Nilimpenda Ruhaga leo kuliko nilivyompenda akiwa hai, na nimesikitika kwamba siwezi kumwambia.

Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mimi nimekula sifa miaka yote hii kwa urefu wa kamba ya Mama Bukuru.

Na sasa angalia mtihani niliopewa, mimi, msema-sana wa Kasingirima. Nimemtengenezea bunduki mtu ambaye nilikuwa sijawahi kumwona wala kumgusa, kwa vifundo vitupu, na ikamkaa kama ngozi yake. Nani mwingine kutoka hapa hadi Kigoma mjini anaweza kusema hivyo? Na mimi ndiye nisiyeweza kusema. Nikilisema, Ruhaga ananyang'anywa jina lake kaburini, na mjane wake anageuka mazungumzo ya kahawa.

Nilipita barazani nikirudi, kwa sababu nisingepita wangedhani ninaumwa. Wakanipisha nikae, nikapewa kikombe. Walishasikia kwamba nimekwenda kuitathmini ile bunduki, na wakaanza kunichokoza kama kawaida yao: haya, Fundi, tuambie, hivi kweli ile kazi yako ilikuwa inamkaa mtu, au ni maneno yako tu?

Nilikunywa kahawa yangu taratibu. Ulimi ulikuwa unawasha, wallahi, ulikuwa unawasha.

"Inamkaa mwenyewe," nikawaambia. "Sawasawa."

Wakacheka, wakasema huyu hachoki kujisifu. Nikacheka nao, nikaaga, nikarudi nyumbani kuandika.