Mbao za mkongo

Baba Sofia,

Jiko limekwisha kutengenezwa. Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya meza yako ya mkongo, na meza yenyewe ina kovu la shoka. Ni mdogo wako Tadei aliyelipiga. Usihamaki, nilimvunja kidole.

Unakumbuka tulivyogombana juu ya meza hii. Mimi nilitaka ya saruji, iliyosuguliwa nyekundu kama ya mwalimu jirani yetu. Wewe ukataka mbao, na chini yake kabati zenye milango. "Saruji itakuvunjia sahani zote, wee mwanamke." Nikakujibu kwamba mbao zako zitaliwa na mchwa. Ukarusha kifuniko, nikarusha sufuria, mtaa mzima wa Rahaleo ukasikia. Ni kweli saruji haikuwepo, Chikongola madukani ilikuwa rafu tupu tu. Lakini mimi nilikuwa radhi kungoja. Wewe hukujua kungoja.

Asubuhi yake ulinishika mkono kwa nguvu, nikadhani unanipiga. Ukaukunja, ukavuta kamba ya katani kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko changu, ukafunga fundo, ukaitundika msumarini. Ukaondoka umenuna, kwenda kwa mjomba wako kule kando ya mto Ruvuma kupasua mbao.

Mjomba ndiye aliyenieleza. Mlikuwa mnatoka porini, wewe mbele, ubao kichwani. Wareno wa ng'ambo ya mto walikuwa wamefukia bomu kwenye njia ile ile wanayopita wanakijiji kwenda shambani. Mguu mmoja hawakuupata. Mgambo wa kijiji waliunganisha mbao zako kwa kamba, wakakulaza juu yake, wakakupakia kwenye lori la korosho. Hivyo ndivyo ulivyoniletea mbao zangu. Nilikutukana, Baba Sofia. Nilikutukana mbele ya katekista, matusi ya nguoni, na leo ningekutukana tena. Nilikwambia ungoje saruji!

Kwenu ubao uliobeba maiti hauingii ndani ya nyumba, unapasuliwa na kuchomwa. Tulipotoka kuzika tu, Tadei akaingia uani na shoka. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, damu yako haijakauka vizuri. "Shemeji, toka hapo," akasema. Nikamwambia hizi ndizo ulizonichagulia, akizipasua atakuwa amekupasua mara ya pili. Akanisukuma, akapiga la kwanza.

Nikachukua mchi wa kinu nikampiga mkononi, nikausikia mfupa ukivunjika. Shoka likaanguka. Akanikaba koo, nikamng'ata sikio mpaka damu ikanijaa mdomoni. Tuligaragara juu ya mbao zako na nguo zetu za msiba, Sofia anapiga mayowe mlangoni. Nilitaka kumuua. Sikuwa namwona Tadei, nilikuwa namwona aliyefukia lile bomu, na mchi ulikuwa karibu. Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyenivuta nywele akatutenganisha. "Jamani, ndugu! Mnauana kwa ajili ya mbao?" Nikamjibu ndiyo.

Mafundi wa Chikongola walizikataa. Akakubali mmoja wa Likombe, ambaye naye alivuka Ruvuma akikimbia mabomu hayo hayo. Hakuuliza mbao zimetoka wapi. Aliuliza tu, "Urefu gani, mama?" Nikamtolea kamba yako msumarini.

Alipiga randa mpaka doa likafifia, lakini halikutoka, limeingia ndani. Akauliza apige tena? Nikamwambia aache. Kabati ziko chini, na milango yake inafunga vizuri. Alipomaliza nilisimama, nikaweka viwiko juu ya meza, na mgongo wangu haukuinama hata kidogo. Hapo ndipo nilipolia. Kumbe umenuna vile, na bado ulinipima sawasawa.

Tadei alikuja Jumapili. Nilimpakulia ugali na samaki hapa hapa, akala kwa kijiko maana kidole hakikunjiki. Akapapasa lile kovu la shoka, akasema, "Shemeji, kaka alijua kuchagua mti." Kisha akaegemea meza akalia kama mtoto. Sikumbembeleza. Nilimwongezea mchuzi.

Bado nina hasira nawe, na mchwa wakizila mbao hizi nitakuja makaburini kukwambia. Lakini nakuahidi, juu yake hatalazwa mtu tena. Hapa nitakatia samaki, nitakandia unga, nitamenyea mihogo. Sofia bado mfupi, akitaka kunisaidia anapanda juu ya debe, na juzi aliuliza hili doa ni la nini. Nilimwambia ni mafuta. Siku kiwiko chake kitakapofika mezani bila debe, nitamwambia ni damu ya nani, na ni nani aliyeimwaga.

Lala sasa. Jiko lako ninalilinda, na mchi uko nyuma ya mlango.

Mama Sofia