Mabuibui kwenye Kitanda Kimoja

Salma, huna haya! Programu yako ya hospitali yazipa faili za muda za wagonjwa wote jina moja, kisha waniuliza kwa nini huyu aona majibu ya yule?

Babuyo hajambo, akusalimu. Dawa naijua mimi! Katika usichana wangu nililinda mabuibui kwenye harusi hapa Kuze, yote meusi, nikayarundika kitanda kimoja. Mgeni mmoja, Bi Zuhura, akaondoka na la jirani yetu, mfukoni mna barua ya siri, akaisoma.

"Mtoto wee, umenivua nguo!" jirani alinililia.

Harusi iliyofuata, kila buibui nililipachika namba, na mwenyewe nikampa ileile. Huna namba, hupewi. Watu walipokwisha, kitanda kitupu!

Basi kila faili jina lake, ifunguliwe na mwenyewe tu, ikishatumika ifutwe. Usile leo mpaka umeirekebisha!