Siku Tatu za Ustawi

Zahanatini, ng'ambo ya mto,
Garsen, Tana River.
Jumapili, Julai 1999

Kwa Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu, Baba, na kupitia kwako nawasalimu wote wanaoota moto wako leo. Najua huko Wundanyi ukungu wa Julai umeshuka hadi mlangoni na goti lako limeanza kelele zake. Je, unalifunga kwa kile kitambaa cha flana nilichokuletea, au umekiweka kabatini kibaki kipya? Na Mama, kifua chake kimetulia? Mimi mwili ni mzima. Malaria ilinipitia mwezi wa tano, lakini nakula na kazini naenda. Habari za moyo utazikuta chini.

Barua yako nimeipata. Unasema ulisimama kanisani ukatangaza kwamba binti yako amechaguliwa kwenda kwenye kongamano la ustawi wa wauguzi na wakunga, katika hoteli ya Malindi, na wazee wakakupa mkono. Unauliza lilikuwaje. Nimeanza kukujibu mara tatu nikachana karatasi. Leo sichani. Nina hasira, Baba. Neno hilo sijawahi kukuandikia, na ukifika mwisho utajua kwa nini nimeliandika.

Unajua kwamba hapa niko peke yangu. Mwenzangu alihamishwa baada ya mafuriko na hakuletwa mwingine. Basi ilipokuja barua ya kuniita Malindi, nilikwenda Garsen ofisini kwa mkubwa wetu, nikamwambia, "Bwana, nikiondoka nani atabaki?" Akanijibu kuwa kuhudhuria ni lazima, na kwamba muuguzi wa kunishikia zamu atatoka zahanati nyingine. Jina lake Komora, kijana mchapakazi, namfahamu. Nikaagizwa nifunge dawa, nifunge mlango, na ufunguo niuache ofisini kwenye bahasha, Komora auchukue Jumanne asubuhi. Nilifanya hivyo hivyo. Bahasha nilimkabidhi mkubwa mwenyewe mkononi, akaitia kwenye droo ya meza yake.

Hoteli ni nzuri, sitasema uongo. Shuka nyeupe, maji yanatoka ukutani, na chai inaletwa na vitu vinne vya kutafuna. Tulipewa mkoba wenye maandishi, fulana na kalamu. Jumanne tulifundishwa kupumua. Naam, Baba, kupumua. Mama mmoja aliyetoka Nairobi, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, alituambia tufumbe macho, tuvute hewa puani, tuitoe polepole mdomoni. Nilivuta. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilikaribia kulala nikiwa nimeketi. Wala sikuona ubaya. Nilijiambia, labda tunastahili.

Mchana tukatoka kwenda chai. Nimesimama kwenye foleni na kikombe changu, mbele yangu nikaona kisogo ninachokijua. Akageuka. Komora.

"Kaka," nikamwambia, "wewe unafanya nini hapa?"

"Nimeitwa, Sista. Barua ilikuja Ijumaa. Waliambiwa viti vijae, wafadhili wanakuja kupiga picha."

"Na zahanati yangu?"

Akanitazama. "Zahanati yako ina nini?"

Hakuna mtu aliyemwambia lolote, Baba. Hakuna. Kikombe nilikirudisha mezani kikiwa kimejaa.

Mkubwa wetu alikuwapo pia, kiti cha mbele, na tai. Nilimfuata. Nikamweleza kwa adabu yote uliyonifundisha, mikono nyuma, sauti chini. Nikamwambia kuna mama wa Kiorma wa upande wetu wa mto, anaitwa Halima, uzazi wake wa kwanza ulimwaga damu nyingi, na huu wa pili umeshafika siku zake. Nilimkataza kuzalia nyumbani. Nilimwambia akiona dalili aje kwangu upesi.

Akacheka kidogo. "Sista, ni siku tatu tu. Wanawake walikuwa wanazaa kabla wewe hujazaliwa. Usitutie aibu mbele ya wageni."

Kesho yake, Jumatano, yule mama wa Nairobi akatugawia vikaratasi vya manjano. Kila mtu aandike mzigo unaomlemea, asitie jina, akitie kikapuni. Kisha yeye anavichomoa kimoja kimoja anavisoma na sote tunaitikia, "Tunautua." Mmoja aliandika kuhusu mume. Mwingine mgongo. Tukaitikia. Kisha akachomoa changu, akasoma, "Zahanati imefungwa." Akaweka mkono kifuani.

"Mwenzetu huyu," akasema, "anahisi ndani yake kumefungwa. Jamani, ni mfano mzuri sana."

Sijui nilisimama lini. Nilisikia tu sauti yangu. "Si mfano, madam. Ni kufuli."

Ukumbi wote ukageuka. Nikawaeleza: zahanati fulani, kufuli la shaba, ufunguo uko Garsen kwenye droo, mwenye droo ameketi pale mbele, na aliyepaswa kuuchukua ameketi kule nyuma. Komora akasimama akasema ni kweli. Mkubwa alitazama viatu vyake. Yule mama wa Nairobi nitamtendea haki, alibadilika rangi, akaja akaniuliza, "Unataka nini?" Nikamwambia nataka kurudi. Akasema, "Basi rudi." Lakini mabasi hayasafiri bila askari wa kuyasindikiza, kwa sababu ya majambazi wa njia ile, na ya siku hiyo yalikuwa yamekwisha kuondoka. Nilipanda la kwanza Alhamisi asubuhi. Mkubwa alinifuata hadi kwenye ngazi za hoteli akaniambia, "Ukitoka hapa bila ruhusa utajibu." Sikugeuka.

Garsen nilifika karibu na saa sita mchana. Karani akafungua droo. Bahasha ilikuwa pale pale, imefungwa kwa gundi, na jina la Komora kwa mwandiko wangu. Nikaichukua, nikapanda baiskeli ya kukodi hadi mtoni, nikavuka kwa mtumbwi, nikamaliza njia kwa miguu huku matope yakinivua viatu. Kufika, mlango uko wazi. Kufuli liko chini, komeo limeng'olewa, ubao umepasuliwa kwa shoka.

Halima walikuwa wamemleta Jumatano alasiri kwa mkokoteni wa punda. Walikuta kufuli. Hawakuambiwa na mtu kwamba nimesafiri, wakadhani nimetoka kidogo, wakamlaza barazani wakangoja. Wakangoja hadi asubuhi, Baba, juu ya saruji, na mbu wa huku unawajua kwa kusimuliwa tu. Walimwita Mama Buya, mkunga wa Kipokomo wa kijiji hiki. Mama Buya alikuja, akamshika tumbo, akasema mtoto yuko karibu, lakini akakataa kumzalisha. Unajua kwa nini? Kwa sababu mwezi wa pili tulitangaza kwenye baraza la chifu kwamba mkunga wa kijiji atakayezalisha atashtakiwa. Na aliyesimama kulisoma agizo lile ni mimi. Mama Buya alikuwa ameketi mstari wa mbele ananitazama nikisoma. Serikali hii hii ndiyo iliyomfundisha zamani, ikampa mkoba wenye pamba na nyembe.

Asubuhi Halima alipoanza kupiga kelele, mama mkwe wake, bibi mmoja mkavu anayeitwa Habiba, alikwenda akarudi na shoka. Mama Buya akalichukua akauvunja mlango, kwa sababu hakutaka mtoto wa watu azaliwe barazani mbele ya wapita njia. Mchana mtoto alitoka salama, wa kike. Kondo la nyuma likatoka. Kisha damu ikaanza.

Nilipoingia, Mama Buya alikuwa ameuweka mkono tumboni anasugua kizazi, jasho linamtiririka, na mtoto amewekwa ziwani ili kizazi kikaze. Alifanya kila anachofanya mkunga mwenye akili. Sindano ya kukata damu ilikuwa kabatini, hatua mbili kutoka alipo, na yeye hajui kusoma jina lake. Hakuniamkia. Alisema, "Sista, nawa mikono."

Nilimchoma Halima sindano, nikamtundikia maji, nikasugua nikibadilishana na Mama Buya hadi mikono ikafa ganzi. Damu ilikata. Alikuwa mweupe kama karatasi hii, lakini alifumbua macho akauliza mtoto yuko wapi. Alipolala ndipo nikakumbuka bahasha, iko mfukoni kwangu, na mlango wa kuufungua haupo tena. Nilikwenda nyuma ya zahanati nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Kuna tofauti, na mimi siku hiyo niliijua.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Jumatatu Landrova ya ofisi ikaja. Nikadhani wameleta vifaa, au wamekuja kumwona Halima. Mkubwa alishuka, akaenda moja kwa moja mlangoni, akaokota kufuli, akaligeuzageuza.

"Mali ya serikali," akasema.

Alikuwa na karatasi iliyopigwa taipu tayari. Inasema kwamba niliiacha zahanati mikononi mwa Komora, Komora akazembea, na kwamba mwanamke fulani alivunja akaingia kwenye chumba cha dawa na kufanya kazi ya ukunga bila kibali. Mahali pa sahihi yangu pamewekwa nukta nukta.

"Weka hapo, na habari ya Malindi tutaisahau," akaniambia.

Nilisema, "Bwana, bahasha ilikuwa kwenye droo yako."

"Bahasha gani?"

Nikaitoa. Nilikuwa sijaifungua, na hadi leo sijaifungua. Aliitazama, akanyoosha mkono. Niliirudisha mfukoni. Kisha nikachukua karatasi safi, nikaketi pale pale mbele yake, nikaandika mambo kama nilivyokuandikia wewe, kwa kaboni, nakala tatu. Moja nikampa.

Jumanne polisi walimchukua Mama Buya shambani kwake, na jembe mkononi. Nilikimbia Garsen nikafika kituoni nikiwa sijui nitasema nini. Nikamkuta Habiba amefika kabla yangu. Alikuwa amekuja na wanawake wengine wa Kiorma, na nje walikuwapo wanawake wa Kipokomo. Unajua mambo ya malisho na mashamba huku, watu hawa hawakai benchi moja kwa urahisi. Siku hiyo walikaa.

Mkubwa wa kituo akamuuliza Habiba, "Wewe bibi unataka nini?"

"Shoka ya mimi," akasema Habiba. Kiswahili chake ni cha sokoni. "Mimi naleta. Mimi nasema piga mlango. Huyu mama nasema hapana, naogopa serikali. Mimi nasema piga. Sasa andika mimi. Funga mimi."

"Hakuna anayekushtaki wewe."

"Kwa nini? Shoka ya mimi!"

Akaketi sakafuni mbele ya kaunta akanyoosha miguu. Yule afisa akanigeukia, nikampa nakala yangu ya pili na kumwonyesha bahasha. Alisoma yote, akasoma tena mwanzo. Akaagiza Mama Buya atolewe. Alisema yeye hatamshtaki mtu kwa mlango uliofungwa na wenyewe. Tulitoka pamoja, na Mama Buya hakunishukuru wala hakunilaumu. Tulipofika mtoni ndipo aliposema, "Ile karatasi uliyosoma kwa chifu, utaisoma tena?" Nikamwambia sitaisoma. Akapanda mtumbwi.

Halima amekwenda kwao juzi, juu ya mkokoteni ule ule. Amepata nguvu kidogo. Mimi nimepata barua. Inanitaka nijieleze kwa nini nisiachishwe kazi kwa kuondoka kongamanoni bila ruhusa na kumdharau mkubwa mbele ya wageni. Nimeshajibu. Sikuomba radhi.

Sasa nafika kwako, Baba. Hasira yangu ina kipande chako. Wewe ulikuwa dresa wa hospitali, mfunga vidonda, kwa miaka mingi, na ulitulea ukituambia mtumishi wa serikali hajibizani na mkubwa wake. Kwa neno lako hilo niliuacha ufunguo ofisini na moyo ukikataa. Kwa neno hilo nilisoma agizo lile barazani ilhali najua kwamba zahanati ina muuguzi mmoja, na mmoja huyo huugua, huitwa, husafiri. Nilitii, na utii wangu ulimlaza Halima juu ya saruji. Sikulaumu kwa kunilea. Nakulaumu kwa kutoniambia mahali neno lile linapokoma. Labda na wewe hukuambiwa.

Najua utakavyofanya ukiisoma barua hii. Utavaa koti lako la Jumapili, ushuke Voi, uwatafute rafiki zako wa zamani wa wizarani, uwaambie mtoto ni mdogo, ana haraka, msameheni. Nakuomba kwa heshima yote, usiende. Usiniombee msamaha. Mtu akikuuliza kanisani, msomee barua hii. Na wakiniachisha, utaniona nikipanda kilima na sanduku langu. Njoo unipokee sanduku, Baba, mbele ya majirani, na usiniulize kitu njiani.

Mwambie Mama nyama kavu ilifika na iliisha siku hiyo hiyo. Mdogo wangu Righa msalimie, asome, lakini asome uuguzi akipenda mwenyewe. Shangazi wa Mgange mpe pole ya ng'ombe wake. Nyanya mshike mkono kwa niaba yangu, mwambie huku joto linamtosha yeye na mifupa yake yote.

Ni mimi binti yako, niliye kazini mpaka hapo watakaponitoa,

Mkamburi