Jenereta Haipendi Kuhurumiwa

Dodoma,
4 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Baba anaendelea kupata nafuu. Sisi huku hatujambo. Sia anawasalimia, na watoto wanauliza wale samaki wako, migebuka, wanakuja lini.

Nimeandika kwa sababu ulisema simu yako inapiga kelele hata ukiipunguza, na Baba anasikia kila neno. Mama, Pasaka nakuja kumchukua. Sia ameshatenga chumba. Mtu aliyepata kiharusi anahitaji kupumzika, na hapo hatatulia. Kila fundi cherehani wa mtaa wa Mwanga atapita kumuuliza mambo ya kola. Cherehani yake na meza ya kukatia tuviuze, visimtie majaribuni. Wewe utafuata ukishafunga biashara ya samaki.

Jenereta niliyowaletea inaendeleaje? Usisahau kupima oili kabla ya kuiwasha.

Mwanao,
Castory


Kasingirima,
19 Februari 2025

Mwanangu Castory,

Marahaba, baba. Barua yako imeletwa na Dismasi wa treni, akadai samaki wa nauli, nikampa. Sisi wazima. Baba yako anakula, ila mguu wa kushoto bado unaburuta. Kutwa yuko kibarazani anatazama watu wakipita, nami namtazama yeye.

La Pasaka nimelisoma, nitalijibu. Kwanza nisaidie hili, maana fundi wa jenereta za minara ya simu ni wewe. Jenereta inaumwa. Ukiiwasha inakohoa, inatoa moshi mweupe, na kwenye bomba la moshi inadondosha kitu cheusi kizito. Nimekinusa. Si oili tupu wala si dizeli tupu. Nikapaka kidogo kwenye ukuni, kikashika moto. Ni nini hicho? Na kwa nini iugue wakati naitunza kuliko kitu chochote humu ndani? Siichoshi hata kidogo.

Mama yako


Dodoma,
6 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, tunamshukuru Mungu.

Tafadhali usichome tena usichokijua. Nimecheka, lakini pia nimeogopa.

Umesema huichoshi. Hapo ndipo penye ugonjwa. Injini ya dizeli hupata joto kwa kufanya kazi. Isipopata joto la kutosha mafuta hayaungui yote, na yanayobaki yanachanganyika na masizi, yanatokea kwenye bomba kama ulivyoona. Sasa inabeba nini? Niliinunua kwa ajili ya friza zako tatu, na hata kwa hizo nilizidisha kidogo, nikitaka Mama yangu aonekane. Jenereta huchaguliwa kwa mzigo wa nyumba, si kwa heshima ya nyumba.

Ipe kazi, ifike angalau nusu ya nguvu yake. Balbu hazitoshi. Tafuta vitu vya joto kama pasi na birika la umeme. Washa kimoja baada ya kingine, visizidi namba iliyo kwenye kibati chake. Halafu mwite fundi abadilishe oili na asafishe kichujio cha hewa. Na ikae nje, mbali na madirisha, moshi wake unaua.

Tiketi za Pasaka nimeshakata.

Mwanao,
Castory


Kasingirima,
21 Machi 2025

Mwanangu Castory,

Habari za huko? Msalimie Sia na wajukuu wangu. Sisi wazima, na leo nasema wazima kwa maana yake.

Friza mbili nilizizima baba yako alipougua, ningemuuguza saa ngapi na kugandisha samaki saa ngapi? Ikabaki moja na balbu. Kumbe jenereta haikukosewa, nyumba ndiyo iliyopungua.

Basi umeme ulipokatika nikaipa kazi kama ulivyoagiza. Friza, birika, na pasi. Pasi haiwezi kukaa bure, nikaanza kunyoosha mashati. Baba yako akaniangalia, akasema, "Leta hapa, unaunguza kitambaa cha watu." Castory, tangu augue Krismasi hajanikosoa. Nilitaka kulia, nikampa pasi. Alikaa kitini, akanyoosha kwa mkono wa kulia, na mguu wa kushoto akausahau.

Recho, yule nesi jirani yetu, akaleta sare zake. Umeme ulipokatika tena wakaja na wengine, maana nyumba yenye pasi ya moto wakati huo ilikuwa yetu tu. Moshi mweupe ukapungua. Halafu baba yako akaniomba nimtolee cherehani ya mota, ile anayoweza kuikanyaga kwa mguu wa kulia. Cherehani inamshibisha yeye, pasi inaishibisha jenereta.

Usidhani nimemtia kazini kichwa kichwa. Nilikwenda kumuuliza daktari, kupumzika ni kufanya nini? Akasema afanye kidogo kidogo, akichoka aache, dawa asiruke, presha ipimwe. Hakusema akae kama picha ukutani.

Sasa la Pasaka. Sitaki aende. Naogopa, mwanangu. Naogopa utampeleka kwenye chumba kizuri, mumhurumie nyote, na yeye akohoe polepole mpaka azime.

Mama yako


Dodoma,
8 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Nimesoma. Nakuja kama nilivyosema, na tiketi za kurudi ni mbili. Tutaongea nikifika.

Castory


Kasingirima,
11 Mei 2025

Mwanangu Castory,

Salamu nyingi kwako, kwa Sia na kwa watoto. Hali yangu ni ya mtu anayepona. Usishangae mwandiko. Mama yako alitaka kuandika yeye, nikamnyima kalamu.

Barua mlizokuwa mkinificha nimezisikia zote. Mama yako hajui kusoma bila kutoa sauti. Nilisikia habari za chumba, nikasikia habari za kuuza cherehani. Nilikasirika, lakini si wewe uliyeniumiza. Kilichoniuma ni kwamba moyoni nilikuwa nimeshakubali kwenda.

Ulipokuja Pasaka hukulitaja. Ulikaa karibu na meza yangu, unatazama ninavyowapokea watu na salamu zao za "mwakeye" na nguo zao. Halafu nikakuona umekwenda kwenye jenereta ilipopoa, ukaingiza kidole ndani ya bomba, ukakitazama. Kilitoka na masizi makavu, hakuna tena kile cheusi kizito. Ukajifuta kwa suruali, ile niliyokunyooshea mwenyewe. Ukapanda treni na kiti cha pembeni yako kitupu. Ahsante, baba.

Friza ya pili mama yako ameiwasha wiki iliyopita.

Mwambie Sia chumba asikipangue. Mwezi wa nane nitakuja kuwatembelea, nikae kidogo, nirudi kazini kwangu. Sipendi kufika mikono mitupu, nitawaletea mapazia. Anitumie vipimo vya dirisha, upana na urefu. Apime yeye Sia, kwa futi ya kitambaa. Wewe usiguse. Wewe unapimaga kwa mapenzi, ndiyo maana ulinunua jenereta kubwa.

Baba yako,
Fundi Gasper