Mteja Asiye na Alama ya Vema

Toronto, baridi ya Februari

Dada Mwanaidi,

Shikamoo dada yangu. Zima pasi kwanza, ukae, ndiyo usome, maana nakujua, utaisoma hii umesimama huku mteja anakungoja. Mgongo unaendeleaje? Mama anakula, au bado ni chai na mkate tu? Na ile dawa ya miguu niliyompelekea, anaipaka au ameiweka kabatini pamoja na mashuka ya wageni? Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Rukia kang'oka jino la mbele. Namuuliza kwa Kiswahili jino liko wapi, ananijibu kwa Kiingereza kwamba liko chini ya mto. Shemeji yako Hamisi bado anapakia mizigo uwanja wa ndege. Anatoka kungali giza na kurudi mgongo haunyooki, kwa hiyo siku mkikutana mtakuwa na la kuzungumza.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu unaiweka mezani sauti juu huku unashona, na jambo langu hili sitaki wateja wako walijue kabla yako. Barua anakuja nayo Mama Salma, tunasali naye msikiti mmoja, anakuja Tanga kumwona mama yake. Mpe japo chai, ana maneno mengi lakini moyo wake mweupe.

Dada, sina raha. Wiki nzima hii moyo wangu uko juu juu. Unaijua kazi yangu ya kutafsiri kwenye kompyuta. Kuna mtandao ambako wenye kazi wanatangaza na sisi mafundi wa maneno tunaomba. Mteja humwoni uso. Unaona jina lake, na pembeni ya jina alama ya vema, kama ile mwalimu aliyokuwa akitupigia kwenye madaftari. Maana yake wenye mtandao wamehakikisha mtu huyu ana kadi ya benki ya kulipia. Asiye na alama, hapo ni wewe na Mungu wako.

Mwaka jana nilimchukua asiye nayo, si unakumbuka. Nilimtafsiria maelekezo ya mashine za kusafisha maji mpaka macho yakaniwasha. Nilipomaliza akaniandikia ahsante, kazi nzuri sana, kisha jina lake likafutika. Wenye mtandao wakanijibu kwa adabu kwamba walishanitahadharisha. Wewe ukanipa lile neno lako la kibandani: mkasi haugusi kitambaa kabla arbuni haijakaa mezani. Nilikununia wiki mbili kwa neno hilo, lakini ulikuwa umesema kweli.

Hamisi hakunifokea, na afadhali angefoka. Alisema tu, "Mke wangu, ukidhulumiwa tena, tufunge hiyo kompyuta uende kiwandani kama wenzako." Nikakubali, ningesema nini? Lakini dada, nakwambia wewe usiyenicheka: nimefundisha Kiswahili Tanga miaka yote ile, na huku hakuna mtu anayejua kama niliwahi kushika chaki. Kazi hii ndiyo inayonifanya nijione bado ni mimi. Kufunga mikate kwenye mifuko siogopi, si aibu. Naogopa siku nitakayoamka nikakuta sina neno hata moja la kulifanyia kazi.

Sasa sikia. Likatoka tangazo la kaseti za zamani za Kiswahili, zisikilizwe, ziandikwe, zitafsiriwe. Mteja yuko hapahapa Kanada. Jina Badru. Alama hana, na hajawahi kumlipa mtu yeyote. Nikapita mbio, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kesho yake nikarudi kulitazama. Kesho kutwa tena. Mwisho nikamwandikia kwamba nitafanya kazi akishaweka kadi yake. Akanijibu kwa Kiswahili cha mtoto wa darasa la tatu, hakina kona yoyote: "Kadi sitaki kuweka. Naogopa. Njoo nyumbani usikilize kwanza."

Wiki hiyohiyo rafiki wa Hamisi akaniletea nafasi katika kiwanda cha mikate, kule mbele ya Weston, zamu ya usiku. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Ningekuwa naingia mlangoni Hamisi anatoka, tunapeana mtoto na funguo. Hamisi akasema amua mwenyewe. Wanaume wakisema amua mwenyewe wanakuwa wameshaamua, unajua.

Nikamwendea jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mama Plamedi, Mkongomani, mwanamke wa miraba minne. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwenda kwa mutu humujue, peke yako? Hapana. Tunaenda wote." Jumamosi tukamwacha Rukia na baba yake, tukapanda treni, kisha mabasi mawili, mpaka Markham. Huko kila nyumba imekaa peke yake na magari yake, barabarani hupishani na mtu wa kumuuliza. Theluji ilikuwa mpaka magotini. Tulipofika mlangoni nikamwona mwenzangu anashikashika koti lake, kumbe kaficha ndani mwiko wa bukari, yaani ugali wao. Hofu yote ile, nikacheka.

Akafungua mzee mwembamba, sweta na soksi, Mhindi wa kwetu, ndiye Badru mwenyewe. Nyuma yake binti yake, mtu wa rika langu. "Karibuni, karibuni," akasema. Tukapewa chai ya iliki. Sikuigusa. Nikamwambia neno lako kama lilivyo, kwamba mimi siku hizi sikati kitambaa bila arbuni.

Mzee akaweka kikombe chini. "Arbuni," akasema. "Mama alikuwa anasema hilo neno. Dukani."

Akatueleza taratibu, akikwama kwenye maneno, binti akimsaidia kwa Kiingereza. Walikuwa na duka la vitambaa Muheza. Dada, Muheza! Waliondoka yeye akiwa na miaka tisa. Mama yake, Bibi Sherbanu, alikuwa na shoga wa mlango kwa mlango, Mama Asha. Mama yake aliandika Kigujarati tu, na Mama Asha hakujua kusoma, basi wakawa wanatumiana kaseti kwa mikono ya wasafiri. Miaka na miaka. Bibi Sherbanu alikuwa akifunga mlango wa chumba chake na kumsikiliza shoga yake peke yake, akicheka. Badru alikuwa na kazi na watoto, hakuwahi kumuuliza anacheka nini. Sasa mama kafariki, kabla ya theluji hii kuanza. Kaseti zipo, na Mama Asha anaongea mbio, mzee anashika neno moja, matano yanampita. Binti hashiki hata hilo moja.

"Na kadi?" nikauliza, maana nilikwenda kwa ajili hiyo, sikwenda kulia.

Binti akasema ni yeye aliyemkataza. Mzee aliwahi kuandika namba ya kadi mahali kwenye mtandao, wakamkomba. Tangu siku hiyo hataki hata kuigusa. Akaahidi kwamba watalipa kila kaseti ikikamilika, fedha mkononi. Nikasema ahadi ninazo nyingi nyumbani.

Hapo mzee akanitazama. Hakuwa na hasira. "Wewe pia," akasema, "nyota za sifa yako kule mtandaoni ni chache. Mimi nakuogopa wewe. Nikikupa sauti za watu wangu ukapotea nazo, nitamdai nani?"

Dada, miaka yote hii nawauliza wateja kama ni wa kweli, hakuna aliyewahi kuniuliza mimi. Nikauliza kwa nini wasizinakili kwanza. Binti akasema alijaribu, akanunua mashine mpya, mashine ikaitafuna kaseti ya kwanza mbele ya macho yao. Baba yake hajakubali tena. Zinachezwa kwenye redio ya kaseti ya marehemu mama yake tu.

Mzee akaingia ndani. Akatoka na bati la biskuti na redio yenyewe, bati limefungwa kanga iliyochujuka. Akavisukuma mpaka mbele yangu. "Arbuni nyingine sina," akasema. "Chukua hivi."

Hakunisainisha kitu. Hakuniuliza hata nyumba namba ngapi.

Njiani Mama Plamedi alibeba redio, mimi nikapakata bati. Nilikwenda huko nikiogopa kudhulumiwa, nikarudi nikiogopa kila kitu kingine. Basi likifunga breki nalikumbatia bati. Mtu akikaa karibu namtazama mikono. Nyumbani nikaliweka karibu na dirisha, nikaona litapata unyevu. Nikalisogeza, likawa karibu na bomba la moto la kupasha nyumba. Mwisho likakaa juu ya kabati la nguo, na Rukia nikamwambia akiligusa tutakosana. Hamisi akauliza, "Amelipa?" Nikasema bado. Akaenda kuoga.

Jumapili mchana, Hamisi kazini, king'ora cha moto kikalia. Jengo letu hili king'ora hulia ovyo, watu huendelea kupika. Lakini mara hii nilifungua mlango nikakuta moshi ukumbini. Nikamshika Rukia mkono huu, bati mkono huu, redio nikaining'iniza begani, nikashuka ngazi pamoja na watu wa dunia nzima, wengine na kanzu za kulalia, mmoja na paka. Tukasimama nje kwenye theluji. Nilikuwa na kandambili.

Ilikuwa sufuria ya mtu imeungua, basi. Lakini zimamoto walituweka nje mpaka Hamisi akatukuta akitoka kazini. Akamkagua mtoto, akanitazama mimi.

"Pasipoti?"

"Ziko juu."

"Kompyuta?"

"Juu."

"Na hilo bati ni la nani?"

Nikasema, "La watu."

Alivua koti lake akanivika, kisha akanipokonya bati akaliingiza ndani ya sweta yake, maana theluji ilikuwa imeanza kuanguka. Tukasimama hivyo. Tuliporudi ndani, akiwa anakunywa chai, akasema bila kunitazama, "Kesho nitamwambia yule bwana wa kiwandani amtafute mtu mwingine."

Sikulala kwa kukuwaza wewe. Unaikumbuka masika ile bati la kibanda chako lilipong'oka? Ulirudi nyumbani umelowa chapachapa, robota la vitambaa kichwani, ukavitandaza vyote kitandani kwako, ukalala chini kwenye jamvi. Mama akakuuliza, mwanangu, na wewe je? Ukamjibu, "Vya watu, mama." Mimi nilikuwa nasoma bado, nikakuona mwendawazimu. Wewe unadai arbuni, ni haki yako. Lakini wale wote wanakuachia kitambaa chao kizima na hawakudai kitu, na sikuwahi kulifikiri hilo hata siku moja.

Jumatatu nikaanza. Sauti ya Mama Asha, dada, kama mtu wa nyumba ya pili. Jogoo wanawika nyuma yake, mtoto analia anamnyamazisha huku anaendelea. Anasema, "Mama Badru, lile sufuria lako kubwa lipo. Watu wanaliazima kwa harusi, nawapa, lakini nawaambia lirudi safi, hili si langu, ni amana ya mwenyewe." Halafu anacheka. Rukia akaja kukaa miguuni pangu, akasikiliza. Akasema, "Bibi anacheka." Kwa Kiswahili, bila kulazimishwa. Nilijifanya sikusikia, nisimharibie.

Basi ndiyo hivyo. Nimekata kitambaa bila arbuni, na nafasi ya kiwandani imeshapata mtu. Kaseti ya kwanza naipeleka Jumamosi. Sikufichi, kila asubuhi nafungua mtandao kuangalia kama alama imetokea kwenye jina la mzee. Leo pia haikuwepo. Naogopa. Huenda akanilipa, huenda binti yake akabadili mawazo, huenda nikawa mjinga mara ya pili na nikaja kukulilia. Ukitaka kunisema niseme, lakini niombee kwanza.

Nisalimie Mama, mbusu mikono kwa niaba yangu. Msalimie shemeji mumeo, na shangazi yetu wa Chumbageni, mwambie kanga zake sijazisahau. Wasalimie mafundi wenzako hapo kibandani, na yule binti unayemfundisha kazi, asikuchoshe.

Na ombi moja. Muheza si mbali na wewe. Siku ukienda kuchukua machungwa, nenda kwenye maduka ya zamani ya vitambaa uulizie Mama Asha, yeye au wanawe. Uliza kama sufuria lile bado lipo. Usilichukue, dada, wala usiwaambie anayeliulizia ni nani, maana maneno ya kaseti ni amana ya watu. Liangalie tu, uniandikie.

Mdogo wako,
Zaituni