Kipimo cha Chumvi

Mama watoto,

Hujambo huko kwa dada yako? Sisi hatujambo, mimi na tangi. Ndiyo, lile tangi la samaki wa baharini ulilosema halitaingia sebuleni ukiwemo. Basi, hukuwemo. Cherehani yako iko chumbani, nimeifunika vizuri, usinune.

Mawe nimeyapanga, na pampu inakoroma kama mjomba wako. Maji ya chumvi niliyakoroga mwenyewe. Kipimo walichoniuzia nilikiacha kwenye boksi. Mpishi wa miaka thelathini afundishwe chumvi na kijiti cha plastiki? Nikaonja, nikaongeza, nikaonja tena, mpaka nikaridhika.

Juzi muuza samaki alileta matumbawe mawili hai kwenye mfuko. Akachovya kipimo chake majini, akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mzee, humu hata samaki wa baharini ataomba maji ya kunywa."

Nikamwambia kipimo chake kibovu. Akakitoa changu kwenye boksi, akakichovya. Vyote viwili vikasema neno moja.

Ndipo nikaukumbuka ule mchuzi uliosema umezidi chumvi. Nilikuambia una kisirani, ukafunga mkoba wako. Nikakumbuka na sahani zinazorudi jikoni kazini zikiwa zimejaa, nami nawagombeza wahudumu. Bosi bado hajajua.

Maji nimeyazimua, na matumbawe yameanza kuchanua. Lakini kile kijiti siwezi kukichovya kwenye mchuzi wa watu. Rudi, mke wangu, uwe unanionjea. Hata ukiwa umenuna, onja tu.

Ni mimi, mpishi wako.